Kimya cha Pomboo

Jumanne, baada ya isha

Na bado kazini wanataka nitie sahihi ile ripoti! Eti pomboo hawapo tena mlangoni mwa bandari, kwa hiyo kazi ya kupigilia nguzo za gati jipya ianze. Kama wapo, kelele zile zitawatia uziwi.

Nilimwambia Bwana Athumani, mkubwa wangu kazini: "Kinasa sauti chetu cha majini kinaning'inia juu mno. Maji ya juu siku hizi yamezidi joto, na sauti ikitoka mbali hupinda, ikaelekea chini kwenye baridi. Inatupita. Tutafute kamba ndefu, tukishushe zaidi."

"Kamba ni ile ile ya miaka yote," akanijibu. "Kimya ni kimya, Zuhura."

Kamba ni ile ile, ndiyo. Bahari je?

Nikarudi nyumbani nimefura, nikajitupa ukumbini chini, feni ikivuma. Mama akaniita toka ghorofani. Nikaitika, "Labeka!" Akaita tena, nikaitika tena. Nilipopanda kula, sahani yangu ilikuwa imeshapelekwa kwa jirani.

"Nimekuita hukuitika, mwanangu. Nikajua hujarudi."

"Nimeitika, mama. Mara mbili."

"Basi mimi sikusikia."

Nimekula mkate mkavu na chai. Usingizi hauji, nageuka tu kitandani. Naogopa kufukuzwa kazi, na mama ananitegemea mimi, halafu...

Hapana. Sitaandika kwamba hawapo. Nitaandika kwamba hatukuwasikia.