Nimenyimwa chumba kwenye nyumba yangu

Mwenzangu, hebu nisikilize. Natoka kwenye ile nyumba niliyonunua nipangishe.

Mpangaji wangu, yule niliyeletewa na dalali na sijawahi kumtia machoni, kafungua mlango akasema, "Umekuja kuona chumba? Vua viatu."

Nikavua. Usiniulize kwa nini. Nikavua.

Kumbe vyumba vyote kavipangisha kwa watu wengine, kimebaki kimoja. Akaanza kunihoji: kazi yangu, wageni wangu, hata kama nakoroma. Na mimi najibu. Eti najibu!

Mwisho akatikisa kichwa: "Pole dada, mwenye nyumba ni mkali sana, hawezi kukukubali."

Mwenye nyumba ni MIMI.

Na unajua nilimjibu nini, viatu mkononi?

"Basi kaka, niombee kwake."