Mstari Mmoja wa Majani Chai

Jumamosi, jua limeshatua

Itangazwe kwa waumini wote wa Nyaramba: mimi, Mama Kerubo, shemasi wa kanisa, leo asubuhi nimekutwa katikati ya majani chai na kikapu mgongoni. Siku ya Sabato!

Nimechoka hata kujicheka.

Tangu Baba Kerubo alazwe kule Kisii, kila asubuhi nachuna mstari mmoja kabla ya kuwasha simu. Mmoja tu. Vidole vikipata kazi, kichwa hunyamaza kidogo. Majibu ya vipimo vyake ni Jumatatu, na naogopa.

Jirani yangu Moraa alikuwa akipita kwenda kanisani, gauni jeupe, Biblia kwapani.

"Mama Kerubo! Umefungua kanisa lako la majani chai?"

"Nimesahau siku, dada."

"Shemasi asahau Sabato? Hata ng'ombe wako anaijua!"

Sasa niko peke yangu, niseme ukweli. Sikusahau. Niliwasikia watoto wakiimba kanisani, na bado nikachukua kikapu. Nyumba ilikuwa kimya mno, na ule upande wake wa kitanda...

Moraa aliniangalia usoni, akaacha utani. Akanivua kikapu, akanishika mkono.

"Kutembea si kazi," akasema.

Tukaufuata mstari wangu polepole mpaka mwisho, viatu vyake vya kanisa vikizama matopeni, mimi nikilia. Hatukuchuna hata jani moja.

Kanisani tulifika mahubiri yakiisha.