Mbuzi mwenye ndevu za Maalim

Philister, acha unachofanya usome hii. Natoka kwa mama sasa hivi na bado siamini.

Mama yangu. Yule asiyetaka hata tucheke kwenye maulidi.

1971 alikuwa na miaka tisa. Wakamleta Nairobi kutoka Lamu, akae na shangazi yake Mgeni, aliyekuwa anachora mabango ya maduka kule Ngara. Asubuhi akapelekwa chuoni kwa Maalim Munir, na Maalim akamwambia anasoma Kurani kama mbuzi.

Mchana shangazi alikuwa anachora mbuzi kwenye ukuta wa bucha. Akampa mama brashi: "Malizia ndevu, mwanangu."

Mama akamalizia. Ndevu nyekundu, za hina. Akaongeza miwani. Akaongeza kofia.

Philister, alimchora Maalim. MBUZI. Ukutani kwa bucha!

Mwenye bucha alicheka mpaka akakaa chini. Halafu Maalim mwenyewe akaja kununua nyama. Akautazama ukuta weee. "Nani amechora hii?"

Mama anasema shangazi alimpokonya brashi. Shangazi hakupepesa jicho. "Mimi, Maalim."

Mama alikuwa hajawahi kuona mtu mzima akidanganya kwa ajili yake.

Maalim akatazama vidole vya mama, vyekundu vyote. "Pua yangu si pana hivyo," akasema, akachukua nyama yake akaenda.

Mama akangoja kofi. Shangazi akamrudishia brashi.

"Rekebisha pua. Ndevu usiguse."