Saini za Wafugaji wa Gachoka

Mwalimu,

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda maneno marefu.

Tangu tukuzike, wanafunzi wa kilimo wanaokwenda atachimenti, mafunzo ya kazini, niliachiwa mimi niwakague. Aliyenitoa jasho ni Kawira. Alipelekwa Gachoka, kwenye ofisi inayohudumia wafugaji wa mbuzi. Bosi wa pale alimtaka ashinde ofisini akipika chai. Yeye akashinda kwa wafugaji. Basi bosi akakataa kutia saini daftari lake la kazi za kila siku. Idara yetu chuoni ikasema bila saini hakuna alama, na bila alama hahitimu.

Wenzangu walinishauri nimpigie bosi simu, yaishe. Mimi nikakumbuka ulivyonifumania kule Nkubu nikiwa mwanafunzi wako. Nilikuwa nimejaza daftari mpaka wiki iliyofuata, ili nipumzike. Ulisoma, ukavua miwani. "Wewe Mutwiri, kumbe ata Alhamisi ijayo ulishaimaliza? Na mvua ilinyesha?" Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hukuniangusha. Ulinipeleka shambani kwa miguu, ukasimama hapo mpaka nikaifanya kazi yenyewe.

Kwa hiyo nilienda Gachoka. Kawira akanionyesha daftari. Kila mfugaji aliyemtembelea alikuwa ametia saini siku hiyo hiyo, na wasiojua kuandika walikuwa wameweka kidole gumba. Nikapita boma kwa boma nikiuliza. Mama mmoja alinishika mkono hadi bandani. "Huyu mtoto ndiye alitufunza kukata kwato. Ambia mkubwa wako akuje aone venye mbuzi zangu zinatembea."

Nilisimama mbele ya idara na daftari hilo. Nilisema yote, hata ya mbuzi. Mkuu wa idara alifungua ukurasa mmoja mmoja, kisha akachukua muhuri akaugonga yeye mwenyewe. Kawira atahitimu, Mwalimu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Kawira aliniuliza ni nani alinifundisha kukagua hivyo. Nilimweleza habari zako, kuanzia ile Alhamisi ya Nkubu.

Pumzika, Mwalimu wangu. Jumatatu niko Manyatta kwa mwanafunzi mwingine. Nakuahidi, maadamu miguu yangu ina nguvu, hakuna mtoto wetu atakayepewa alama na mtu ambaye hajamwona akifanya kazi.

Mutwiri wako