Mbuzi wa Tseikuru Asiye na Kamba

Mbinya, uko?

Unajua ile ripoti yangu ya kulinganisha kampuni tano za ndege, ipi ni rahisi kudukuliwa? Ilikuwa siri mpaka mkutano wa leo.

Meneja wa kampuni iliyoshika mkia ameingia na majibu tayari. Akaniuliza mbele ya bosi, "Kwa hivyo, madam, sisi ndio mbuzi wa Tseikuru asiye na kamba, wa kuchukuliwa na yeyote?"

Mbuzi wa kwetu Tseikuru! Watu wakacheka. Bosi hakucheka. Amenitoa kwa hiyo kazi.

Nimesoma ripoti yote tena. Hayo maneno hayamo.

Niliyaandika mara moja tu, kwa nakala niliyokutumia wewe, ndio ucheke.

Mbinya, ulicheka na nani?