Dada, Sefu Hakuwa Mwindaji

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote wawili, na ule mguu uliokusumbua masika iliyopita uwe sasa unakanyaga vizuri. Sisi huku Handeni hatujambo, alhamdulillahi. Mahindi yameshika, nyani nao wameshayajua. Mke wangu anakusalimu sana. Anasema tangu uhamie Mashewa hajapata mtu wa kucheka naye kisimani, wote waliobaki wanachota maji tu.

Barua yako ya Ramadhani niliipata. Mistari minne, dada, kwa mkono wako mwenyewe! Niliisoma barazani mbele ya watu, nikawaambia huyu ni dada yangu, amejua kusoma ukubwani, kwenye kisomo. Walikusifu. Na mimi nilifurahi, wallahi nilifurahi, lakini nilipoikunja nikaiweka mfukoni moyo wangu uliingia hofu. Nilijiambia, basi sasa atakisoma.

Kuna kitabu, dada. Ndicho kinachonifanya nikuandikie. Nimekaa nacho wiki ya tatu nikitafuta pa kuanzia.

Unamkumbuka yule mwalimu wa Chuo Kikuu aliyekuja na mkoba wa turubai? Hapana, wewe hukumkuta, mlikuwa mmeshahamia Mashewa. Alikuja kutoka Dar es Salaam kuuliza habari za mahame, yale makazi tuliyoyaacha tulipokusanywa kwenye kijiji cha ujamaa. Alisema watu wamehama na majina ya mahali yatapotea, naye anataka kuyaandika kabla wanaoyajua hawajaondoka duniani. Mwenyekiti akamwambia, "Basi mtafute Bakari. Huyo ana daftari."

Daftari lenyewe unalijua kuliko mimi. Siku ile tulipopakiwa kwenye tela la trekta, watu wote walitazama mbele, kule tunakopelekwa. Wewe ulikaa juu ya mlango wa nyumba yako tuliokuwa tumeung'oa, ukaupa mgongo mwendo. Ukaanza kutaja. Bonde la Nyuki. Kwamahiza. Kisima cha Mbogo. Kila tulipopita jina likakutoka, na vijito ambavyo mimi nilivijua kwa kuogelea tu wewe ulivijua kwa jina na kwa sababu ya jina. Ukaniambia, "Andika. Wewe ndiye uliyepelekwa shule." Nami na darasa langu la nne nikaandika, tela likirusha penseli huku na huku.

Tulipofika pale penye mkwaju, shemeji akageuza uso. Kisha ukasema, "Hapo andika vizuri."

Nikaandika Kwasefu. Nilikandamiza penseli mpaka karatasi ya chini ikapata alama.

Nilikuwepo, dada, tulipomzika Sefu wako. Siku kumi na moja tu alizoishi, na mimi ndiye niliyembeba kumpeleka pale, mwepesi kama hakuna kitu ndani ya sanda. Baadaye nilikuwa nikikuona ukifagia chini ya mkwaju kila Ijumaa asubuhi. Watu wakaanza kusema, tukutane pale Kwasefu, ng'ombe wamevukia Kwasefu, hata waliokuwa hawamjui wakasema hivyo. Uliwahi kuniambia kwamba hilo ndilo lililokupoza, kusikia watu wanamtaja mwanao wakienda shambani.

Sasa nisikilize nilichofanya. Tulikaa nje ya ofisi ya kijiji, mwenyekiti yupo, na wazee, na yule mwalimu ameweka daftari langu magotini kama Msahafu. Kila jina aliuliza sababu yake, nami nikamjibu kwa maneno yako wewe, yote yako, wala sikusema ni ya nani. Alikuwa akiniita Ndugu Bakari. Akawa anatikisa kichwa akisema ajabu, ndugu, una hazina. Nilivimba. Mwenyekiti akanitania kwamba leo nitalala Chuo Kikuu.

Tukafika Kwasefu. Akaniuliza, "Huyu Sefu alikuwa nani?"

Nikaona mtoto wa siku kumi na moja ni mdogo mno kwa kitabu cha Chuo Kikuu. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, dada, sina nyingine ya kuipamba. Nikasema Sefu alikuwa mwindaji wa zamani, aliua mbogo watatu, akafia pale. Wazee wakanitazama, kisha wakatazama chini. Walijua. Hawakutaka kuniaibisha mbele ya mgeni.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini mwezi uliopita tuliitwa Korogwe, wale wote waliomsaidia mwalimu, maana wachapishaji wa Chuo Kikuu walileta vitabu vyao vipya. Waliweka meza ndefu ukumbini, wakatandika kitambaa cha kijani. Kulikuwa na kitabu cha mkonge, na kitabu cha hesabu kwa watu wa kisomo, na hicho cha mahame. Kinanukia wino bado. Waandishi wakawa wanasimama mmoja mmoja wanasoma kurasa zao, watu wanauliza maswali. Ningekuwa na moyo safi ningekusimulia kwa furaha, kwa sababu sijapata kuona watu wa jembe wanagombea viti vya mbele kwa ajili ya kitabu.

Mwalimu aliposimama, katika kurasa zote hizo alichagua kusoma Kwasefu. Mwindaji wangu alikuwa amenenepa humo ndani, ana mbwa na ana mkuki. Alipomaliza akaniomba nisimame. Jina langu limo mwanzoni mwa kitabu, anashukuriwa Ndugu Bakari, mtunza majina. Wakapiga makofi. Bibi mmoja kutoka Mpale akanyoosha mkono, akauliza swali lake kwa upole, "Na huyo mwindaji, baba, aliacha mtoto?"

Nikajibu, "Hakuacha mtu."

Dada, niliketi. Tangu siku hiyo swala yangu haitulii. Sheikh alitufundisha kwamba watoto waliokufa wachanga huwasubiri wazazi wao mlangoni mwa Pepo, na kila nikisujudu namwona mmoja pale, ananitazama mimi mjomba wake niliyemkana mbele ya watu. Nimeomba toba kwa Mungu. Lakini Mungu nimemkosea peke yangu usiku na mchana kwa mengi, naye ni mwingi wa rehema. Hili nimekukosea wewe, na haki yako haiwezi kusamehewa na mwingine.

Watu walipotawanyika nilimfuata mwalimu nyuma ya ukumbi, anafunga makasha, nikamwambia yote. Kwamba majina ni ya dada yangu. Kwamba Sefu alikuwa nani. Akakaa juu ya kasha. Hakunifokea, bora angenifokea. Akasema vitabu vimeshachapwa, haviwezi kufunguliwa tena, ila vile vya Handeni na vya maktaba za vijiji bado havijatoka, na wanaweza kuchapa karatasi ndogo ya masahihisho wakaitia ndani ya kila kimoja. Hapo hapo nikamwambia nitaiandika mimi, niirekebishe. Akakataa. "Ruhusa ni ya mama yake," akasema. "Na maneno pia."

Kwa hiyo mimi nangoja neno lako. Ukitaka ukweli uandikwe, utaandikwa, na jina lako pamoja nao. Ukitaka mwanao abaki wako peke yako, usimshirikishe na mtu, basi karatasi itasema tu kwamba mwindaji hakuwepo na Bakari alisema uongo. Siku watakapokuja kukisoma kitabu huku Handeni nitasimama tena, mara hii niyaseme hayo kwa kinywa changu mbele ya walewale wazee. Lolote utakalochagua, hilo langu halibadiliki.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu mwalimu mmoja wa huko Mashewa alinunua kitabu siku ile. Sikutaka ukutane nacho kisomoni, mtu akufungulie ukurasa kwa furaha aseme tazama, ni kwenu.

Ndani ya bahasha nimekuwekea karatasi tupu, nimeikata kwa kipimo alichonipa. Ni ndogo. Inaenea mistari minne, sawa na barua yako ya Ramadhani. Andika wewe mwenyewe alikuwa nani. Sitaongeza wala kupunguza, nitaipeleka hivyo ilivyo.

Na kama hutaki kuandika cha kitabu, niandikie mimi hata unitukane. Tafadhali dada, nijibu upesi, vitabu vinaondoka mavuno yakiisha.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,

Bakari