Shuka la Nyumba ya Ndui

Mbwara, Alhamisi, mwezi wa Shaabani

Nimenawa mikono mara nne kwa majivu na bado naiona haijatakata. Akida, mkuu wa serikali hapa kwetu, alitutuma, mimi na shemeji yangu Athumani, tukasafishe nyumba ambamo watu watano wamekufa kwa ndui. Amri ni kuchoma kila kitu. Hatukupewa hata kitambaa cha kujifunga puani.

Nilipokuwa nakokota kitanda kwenda motoni, nilimwona Athumani anakunja shuka na kulificha ndani ya kanzu.

"Shemeji, hilo lichomwe," nikamwambia. "Limefunika maiti."

"Wanangu wanalala uchi tangu askari wa serikali walipotuchomea nyumba. Nitalichemsha."

Ningeweza kumnyang'anya, nina nguvu kuliko yeye. Lakini nilimfikiria dada yangu, mkewe, anavyojifunika gunia siku hizi, nikaendelea kukokota kitanda.

Baada ya magharibi nimepita kwao. Kuni zote zimelowa mvua, shuka halijachemshwa. Mtoto mdogo amefunikwa mpaka shingoni, amelala kwa raha.

Dada amenishukuru. Athumani amemwambia shuka ni zawadi yangu.

Nilitaka kumwambia lilikotoka. Nimesema tu, "Haya, dada," nikaondoka.